Gari la Kutosha Jeneza

Gari letu la kwanza liliishia mtaroni kwenye barabara ya Kigongo, mchana kweupe, mume wangu akiwa anawahi kivuko. Ng'ombe walikuwa wanavuka kwa raha zao. Niliwaona mapema nikamwambia apunguze mwendo, naye akapiga honi badala ya kukanyaga breki. Yeye alichubuka kiwiko. Mimi goti langu lilibanwa chini ya dashibodi, na baada ya miezi ya plasta daktari aliniambia kwamba mguu umepona, ila hautakunjika tena. Alilisema hilo kana kwamba ananipa habari njema.

Tulikuwa tumepanga nyumba kilimani, katikati ya yale majabali yetu ya Mwanza, mahali ambapo mwenye miguu mizima anashuka mjini kwa kurukaruka mawe. Shule niliyofundisha ilikuwa chini, Nyamagana. Mwalimu mkuu alikuja kunijulia hali, akaniletea nusu kilo ya sukari, zawadi kubwa kwa miaka ile ambayo watu walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Kisha akaniambia kwa upole kwamba muhula ukifunguliwa bila mimi, atalazimika kuandika kuwa sijiwezi na darasa langu apewe mwingine. Nilimshukuru kwa sukari. Alipoondoka nilimwambia mume wangu kwamba sitaki pole ya mtu yeyote, nataka gari la chini ambalo ninaweza kuingia mwenyewe, nifike shuleni.

Na gari hilo lilikuwepo. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Mirongo alikuwa anahama nchi na alikuwa anauza Pijo yake ya rangi ya maziwa. Tulikwenda kuiona kwa teksi. Kiti cha mbele kilisogea nyuma hadi mwisho. Nilikaa, nikanyoosha mguu, nikafunga mlango mwenyewe. Mke wa yule Mhindi aliniletea chai humo humo garini. Mume wangu akasema gari ni zuri, sasa tuwasikilize na ndugu. Chai ikageuka shubiri mdomoni mwangu.

Ndugu walikuja kutoka Bukoba kwa meli, kaka yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho. Walikuwa na haki ya kuja, sikatai, maana hata gari la kwanza lilinunuliwa kwa kahawa ya wote. Niliwaamkia. Kaka mkubwa aliitikia "Marahaba" huku anauangalia mguu wangu, si uso wangu. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kijijini kwao, na alijua kulitumia neno "ndugu" vizuri: ukilisikia, ujue umekwisha kunyamazishwa.

"Ndugu zangu," alisema, "gari dogo la kukalia watu wawili watatu ni mambo ya kibwanyenye. Gari ni la ukoo. Tunataka gari ambalo mtu wetu akifia huku Mwanza, tunamlaza, tunampeleka nyumbani kwa heshima."

Nitasema na la kwao. Mwaka uliotangulia baba mkwe alifia hospitali hapa mjini. Meli ilikuwa mbovu, malori yote yamebanwa na msimu wa pamba, na tulipopata lori moja tukakwama Kigongo tukingoja kivuko, jua likiwaka juu ya jeneza. Tulipofika kwao, majirani walisimama mbali na kuziba pua. Nilikuwemo kwenye lori lile, na nilimlilia mzee yule kwa sababu alinipenda. Kwa hiyo uchungu wao niliuelewa. Kuuelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

"Na mimi?" niliuliza. "Mimi nitapandaje hilo gari la kulaza watu?"

"Utapandishwa," alisema kaka mkubwa. "Vijana wapo."

"Kila asubuhi?"

"Shemeji, shule ni kazi tu. Maiti haiwezi kusubiri."

Mume wangu alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya kwa makini, ganda likatoka zima, na hakuinua macho. Kisha wakahamia Kihaya, wakiamini kwamba mimi binti wa Kisukuma sielewi, ilhali nilikuwa nimekaa nao miaka ya kutosha kuelewa hata matusi. Mdogo mtu akasema mwanamke aliyevunjika hawezi kuuchagulia ukoo gari. Nilimjibu kwa Kihaya kwamba mwanamke huyo hakujivunja mwenyewe. Wakarudi kwenye Kiswahili mara moja, na nilifurahi sana.

Lakini hilo halikubadilisha kitu. Kesho yake walijiandaa kwenda kuona Landrova ya padri mmoja mzungu, kwenye misheni nje ya mji, ambaye alikuwa anarudi kwao. Waliniambia hakuna haja ya mimi kusumbuka. Nilishika magongo yangu, nikatangulia kwenye teksi.

Ilikuwa Landrova ndefu, ya kijani, yenye mabenchi ubavuni. Kupanda mbele nilijaribu mara moja, nikaacha. Mtu wa goti langu hapandi pale bila kubebwa kama gunia. Kaka mkubwa hakuiangalia injini wala magurudumu. Alitoa mfukoni kamba aliyoipimia jeneza kwa fundi seremala, akailaza sakafuni, katikati ya mabenchi. Kamba ilienea na nafasi ikabaki. Hata hivyo hakuridhika. Alisema kamba haina mabega, afadhali mtu alale waone.

Hapo ndipo visingizio vilipoanza. Mdogo mtu alisema mgongo unamsumbua tangu melini. Kaka mkubwa akasema yeye ni mrefu kupita kawaida, hafai kuwa kipimo. Wakamgeukia mume wangu.

"Mimi nina watoto," alisema. "Sitaki kujichuria kifo."

Ana watoto. Kana kwamba watoto wale mimi niliwaokota sokoni.

"Nitalala mimi," nilisema.

"Acha utani."

Nilikwisha kuupa mlango wa nyuma mgongo. Niliweka viganja kwenye bati, magongo yakaanguka chini, nikajinyanyua. Miezi ya kutembelea magongo ilikuwa imenijenga mabega. Nikajisukuma kinyumenyume mpaka kichwa kikafika mbele, nikalala chali kati ya yale mabenchi, mikono kifuani. Bati lilikuwa la moto na lilinuka dizeli.

"Nimeenea," nilisema. "Na mabega yamepita. Haya, nunueni gari lenu."

Padri, ambaye hakuelewa lolote, alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba ni kweli, kwa mgonjwa hili ni gari zuri, anaweza kulala kabisa. Mdogo mtu alirudi nyuma. Kaka mkubwa aliizungusha kamba kidoleni, akaizongoa, akaizungusha tena.

"Ametuchuria," alisema kwa sauti ya chini. "Gari limekwisha kulaza mtu wetu, tena aliye hai. Mimi silitaki."

Nisijisifu, sikuwa nimepanga. Nililala kwa hasira, nikitaka tu wanione kwamba nipo. Lakini niliposikia maneno yale nilijua nimeshinda, nikataka kutoka. Sasa, kuingia hasira ilinitosha; kutoka haikutosha. Mguu usiokunjika haukunipa pa kujigeuzia kati ya mabenchi mawili, na kila nilipojaribu kuinuka nyonga iliniuma hadi machozi yakanitoka.

"Njooni mnitoe," nilisema.

Hakuna aliyesogea. Kunishusha pale kulifanana mno na kumshusha marehemu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunishika.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa karibu kuliko wote, mkono wake umeshika ukingo wa mlango. Ningeweza kumgusa kwa unyayo. Yeye hakunitazama mimi. Alimtazama kaka yake, akangoja. Kaka yake alifikiri kidogo, kisha akainamisha kichwa kukubali, na hapo ndipo mume wangu alipopanda, akanishika kwapani na kunivuta polepole hadi nje. Alinishika vizuri, kwa uangalifu, asinitoneshe, na nilimchukia kuliko siku ile ya mtaroni.

Gari jingine la kulaza mtu halikupatikana, tukanunua ile Pijo ya Mirongo. Ndugu walirudi Bukoba bila kugusa chakula nilichowapikia, na kwa muda mrefu hawakunisemesha, jambo ambalo sikulionea tabu yoyote. Mume wangu alifikiri mambo yamekwisha. Alinisifu hata mbele ya majirani, akisema mke wake ana akili nyingi, aliwaweza wazee kwa kulala tu. Nilimwacha aseme.

Siku ya kufungua shule aliamka mapema, akalifuta gari vumbi, akalisogeza hadi mlangoni. Alinifungulia mlango wa mbele. Kiti alikuwa amekwisha kukisogeza nyuma hadi mwisho, na alisimama pale akingoja nifurahi.

Nilimpita. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaingia mwenyewe, nikaegemea ubavu wa gari na kuunyoosha mguu wangu juu ya kiti kizima.

"Njoo mbele," alisema. "Watu watadhani mimi ni dereva wako."

"Waache wadhani," nilisema. "Twende, nisichelewe darasa."

Alisimama kidogo na ule mlango uliofunguliwa bure, kisha akaufunga, akazunguka, akawasha gari. Aliniendesha hivyo mpaka Pijo ile ikachakaa, na siku tulipoiuza, kiti cha mbele cha abiria kilikuwa bado kipya.