Maua ya Kayongo Kando ya Kaburi

Mwihaki alizaliwa Kitale, nchi ya mahindi, na kwa baba yake, mzee Gathii, mtoto alijua kupalilia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Basi alipoolewa na Wabwile wa Mabanga, kule Bungoma, jambo moja hakukubali kufundishwa na mtu: mahindi. Kiburi cha Kitale hicho, na kilimponza.

Wabwile alifariki mwezi wa pili mwaka jana, akazikwa kando ya shamba. Mwihaki akabaki na binti yao Ivy, mama mkwe Sellah, na ekari moja iliyowalisha mwaka mzima. Mvua iliponyesha akapanda mpaka karibu na kaburi. Mwezi wa sita, akipalilia, akakuta maua madogo ya zambarau yamechomoza katikati ya mahindi, upande ule wa kaburi tu. Kitale hakuwahi kuyaona. Akayaacha. Jioni akachuma machache, akamshika Ivy mkono, wakayaweka juu ya udongo wa baba, na Mwihaki akacheka kidogo. Alidhani Mungu amemkumbuka mjane. Sellah alikuwa mlangoni, akaona yote, akarudi ndani.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwaka huu maua yametapakaa shamba zima, na mahindi yamedumaa, ya manjano, hayafiki hata kiunoni.

"Mama, hii ni ugonjwa gani?" Mwihaki akamuuliza Sellah.

"Ni kayongo, hayo magugu ya maua. Inanyonya mahindi huko chini kwa mizizi, mahali huoni. Ikitoa maua umechelewa, mbegu inakaa kwa udongo hata miaka ishirini. Sisi tunang'oa mapema, tunachoma."

"Na mwaka jana uliona?"

"Niliona."

Mwihaki alimgeukia kwa hasira. "Sasa huyu mtoto atakula nini?"

Sellah alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Hukuwa umecheka tangu tumzike. Siku hiyo ukacheka. Ningekujaje kukuambia ung'oe? Nilishindwa, mwanangu."

Mwihaki akashika shina la kayongo, akaling'oa. Wakaanza kung'oa pamoja, ingawa wote wawili walijua mavuno yameshakwenda, wakawasha moto kando ya shamba. Ivy akaja na konzi ya maua, anampelekea baba kama alivyofundishwa. Mama yake akamnyang'anya, akayatupa motoni.

"Sasa baba tutampea nini?" mtoto akauliza.

Mwihaki akainama, akaendelea kung'oa.