Siku Tuliyomkimbia Mfiwa wa Mtandaoni

Jamani, aibu hii nimeificha miaka, na hata leo nikipita pale mtaani nageuza uso, maana wapo wanaonikumbuka kama yule msomi aliyetimuliwa na picha.

Nilikuwa nasoma chuo hapa Dodoma, enzi hizo intaneti kafe ndiyo kwanza zimeanza kuota mjini, na utafiti wangu ulikuwa juu ya mila za watu wanaoishi ndani ya ulimwengu wa kompyuta: unajichagulia mwili, unauvalisha, unautembeza, unakutana na wenzako mnapiga soga kwa kuandika. Waswahili tulikuwa na baraza letu humo, na kila mtu alikuwa na mkeka wake (msinicheke, ukikalia mkeka wa mwenzio ulikuwa ugomvi, nimeandika kurasa nzima juu ya hilo). Mkeka wa pembeni ulikuwa wa Nyota, binti wa Tanga mwenye gauni la kijani, ambaye sikuwahi kumwona wala kusikia sauti yake, lakini ndiye niliyemweleza mambo ambayo hata dada zangu hawayajui. Siku moja mtu wa kwao akatuandikia kwamba Nyota amefariki.

Nikarudi nyumbani, mtaa wa Area D, macho mekundu, na Mama Neema, mama mwenye nyumba niliyopanga, akaniuliza kulikoni. Ningesema kichwa kinauma yangeisha. Nikasema nimefiwa na rafiki.

Weee! Kufumba na kufumbua majamvi yametandikwa, majirani wamejaa, sufuria la chai liko jikoni, na mimi katikati nimefunga khanga kiunoni. Maswali yakaanza. Nyota binti nani? Sijui. Anazikwa wapi? Sijui. Uliwahi kumwona? Kwenye kompyuta tu. Mama Neema, mtu wa Mvumi asiye na mzaha na mambo ya kifo, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nimekusanya watu kwa ajili yako. Kama umemzushia kifo mtu aliye hai, hapa kwangu hulali."

Basi, ili kuokoa jina langu nikasema twendeni mkaone wenzangu wanavyomwomboleza. Tukaingia kafe mchana kweupe, mimi, Mama Neema na majirani watatu, upepo ukipiga vumbi madirishani. Picha ikaja kwa kusuasua: baraza letu, watu wameketi kimya, taa zimewashwa kuzunguka mkeka mtupu. "Mnaona? Hapo ndipo alipokuwa anakaa." Mama Neema akaanza kulainika, hata akasema maskini.

Hapo gauni la kijani likatokea mlangoni. Likapita polepole katikati ya taa, likaketi mkekani, likatugeukia.

"Huyo nani?" Mama Neema akanong'ona.

"Nyota," nikasema.

Sasa sikilizeni. Mimi niliyeandika kwamba wakazi wa kule wanajua fika kuwa picha si mtu, ndiye niliyekuwa wa kwanza kukimbia! Khanga ikanasa kwenye kiti, nikaanguka, nikang'oa waya, mashine zote zikazima, jamaa mmoja akapiga kelele kwamba barua yake ya kazi imepotea, na wale majirani wakaniruka pale pale chini wakipiga mayowe kuwa marehemu karudi. Mtaa mzima ukatoka kututazama.

Aliyerudi ndani ni Mama Neema. "Washa," akaniambia. "Nataka nijue kama umenidanganya."

Mwenye kafe akawasha huku ananilaani. Baraza likarudi, na wenzangu wote wa kule nao walikuwa wamekimbia. Taa zinawaka, mikeka mitupu, na gauni la kijani peke yake. Maneno yakatokea: "Na wewe utakimbia?"

Yakaja mengine: "Mimi ni mama yake. Neno la siri nimelikuta kwenye daftari lake. Nilitaka kukaa na watu waliomjua."

Nikamsomea Mama Neema. Akavuta kiti, akaketi, machozi yakamtoka. "Mwandikie pole. Mwambie tuko watano, tumekuja msibani. Muulize jina la mwanawe."

Mwanaidi, ndivyo alivyoitwa. Kisha yule mama akaniuliza: "Alikuwa anacheka huku?"

Nikaandika, sana.

"Nyumbani alikuwa ameacha."

Nilipasi ule utafiti, lakini ukurasa unaosema picha si mtu niliuchana. Na niliapa: mtu akifiwa sitamkimbia tena, hata aje amevaa mwili wa marehemu.