Mji Niliompa Mama

Juzi mwanangu alinitegea kitendawili, nikashindwa. "Nipe mji," akadai.

Nikakumbuka Igogo, mtaa wetu wa utotoni hapa Mwanza, mchana ule upepo ulipokuwa ukileta harufu ya samaki kutoka kiwanda kipya cha minofu, na mama akifunga begi lake la safari.

"Kitendawili," aliniambia.

"Tega."

"Natoka Mwanza hadi Bukoba, nalala njiani, ardhi siikanyagi."

Nilisema ndege, nikasema malaika. Mama alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Nipe mji. Jibu utalisikia bandarini."

Nikampa Bukoba, kwa kuwa ndiko kwao.

Jioni, bandarini, honi ikalia. "Mama, ni meli!"

"Umechelewa, baba. Mji nimeshachukua."

Hakurudi. Wakubwa walisema Mungu amemchukua. Mimi nilijua amebaki kwa sababu mji ni wake, nami ndiye niliyempa. Sikulia. Leo najua kikohozi kile kilikuwa kinampeleka wapi, na bado silii.

Mwanangu alikuwa anasubiri. Nikampa Mwanza, mji huu huu tunaokaa.