Shangazi aliweka korosho zake zote upande wa kijiji, na aliyetafsiri ni mimi

Wakuu, nawasalimu nyote, wa siku nyingi na mliojiunga jana.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka. Kilichonitoa mafichoni ni ule mjadala wa wiki iliyopita kuhusu Ulaya na climate change. Mdau mmoja alileta maoni ya wananchi wa huko, walivyoulizwa sera ipi ni ya haki na ipi itafanya kazi kweli. Mkagombana kurasa kadhaa: nani alipe, nani aache gari, nani apande miti.

Nilisoma mpaka mwisho nikaweka simu chini.

Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, kwa mdomo wangu, kwenye delta ya Rufiji. Jibu lake lilimnyang'anya shangazi yangu shamba.

Najua wapo watakaosema ni chai. Sawa tu. Ninachosimulia ni aibu yangu mwenyewe, sasa sijui ningeitunga ili nipate nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshakolea. Kwetu Kibiti mitumba imejaa, wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana na mizani zao, na haikupita wiki bila gari la mradi fulani kupita barabarani. Kijana mwenye kidato cha sita na Kiingereza cha kuungaunga kama mimi alikuwa anaomba Mungu gari moja lisimame.

Likasimama.

Ndani alikuwamo mzungu mtafiti. Jina nalihifadhi, sisi tulimwita Daktari. Alikuwa anatafuta mkalimani wa kwenda naye delta. Nikamwambia kule nina ndugu, shangazi yangu kaolewa Kiongoroni. Nikapata kazi hapo hapo.

Niwe mkweli, Daktari hakuwa mtu mbaya. Alibeba begi lake mwenyewe, alikula kwa mkono, na alikuwa anasikiliza. Alinieleza kwamba nchi za kwao zinatafuta namna ya kupunguza ule moshi unaochafua hewa ya dunia. Njia mojawapo ni kugharamia mikoko irudishwe sehemu kama kwetu. Ila kabla ya kuamua walitaka kujua watu wanaonaje, huko kwao na huku kwetu. Haki ni ipi? Nani abebe mzigo mkubwa?

Swali zuri kabisa. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Sasa kwa msioijua delta. Kule watu wanavua, wanakata boriti, na wanalima mpunga. Shamba la mpunga linapatikana kwa kufyeka mikoko, kazi ya kufa mtu, matope mpaka kiunoni. Shangazi Somoe alifyeka lake na mumewe. Mume akafariki, akabaki analilima peke yake. Msimu wa mpunga alikuwa anahamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kuamia nguruwe na ndege. Hakuwa na kingine. Hakuwa na boti wala nyavu, na mtoto wake mmoja wa kike alikuwa ameolewa Umwe, nje ya delta.

Huyu ni dada wa baba yangu. Nilipougua utotoni alikuja Kibiti kunichukua, akaniuguza mwaka mzima. Naomba mlijue hilo.

Tulifika Kiongoroni asubuhi na boti ya kutoka Nyamisati. Ilikuwa lazima tuondoke alasiri, maji yakishapwa hamtoki tena. Watu wakakusanyika. Daktari alikuwa na njia yake ya kuuliza bila fomu, kwa sababu wengi hawakusoma. Akatandika karatasi tatu za manila kwenye mkeka. Ya kwanza ina picha ya kiwanda kinatoa moshi, hiyo ndiyo Ulaya. Ya pili bendera, serikali. Ya tatu vibanda, kijiji. Kila mtu akapewa korosho kumi ambazo tulizinunua Kibiti.

Nikatangaza: "Kurekebisha hewa ya dunia ni mzigo. Unaona ni haki nani abebe zaidi? Pale unapoona ndipo uweke korosho nyingi."

Halafu Daktari akavuta kigoda, akakaa nyuma kabisa ya ile picha ya kiwanda. Hakufanya makusudi. Kivuli kilikuwa upande ule.

Wakuu, mnaotoka pwani nadhani mmeshaanza kucheka.

Kwetu mgeni akifika hashiki hata ndoo ya maji. Akikuuliza kuna tatizo, unamwambia hakuna neno, karibu. Shida anaelezwa siku ya pili ya tatu, ameshakula, ameshalala, tena anaelezwa na mtu mzima mmoja aliyetumwa na wenzake. Kumwambia siku ya kwanza, hadharani, jua la saa nne, "wewe ndiye mwenye kosa, beba", hilo hata mlevi hafanyi.

Shangazi ndiye aliyeanza, kwa sababu mimi ni mwanawe na hakutaka niaibike watu wakisita. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akapiga magoti kwenye mkeka. Akaweka korosho zote kumi kwenye picha ya vibanda. Akamtazama Daktari, akamwambia:

"Karibu sana, baba. Mzigo wetu huu, tutaubeba wenyewe. Wewe starehe tu."

Akarudi kukaa. Alipopita karibu yangu nikamsikia anamwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Kha! Mtu kavuka maji kuja kwetu, mie nimtwike? Watasema Kiongoroni hakuna adabu."

Daktari akaniuliza amesema nini.

Nikamtafsiria yale ya kwanza. Ya pili sikuyatafsiri.

Baada ya hapo wote wakafuata. Mvuvi mmoja alijaribu kuweka korosho mbili upande wa kiwanda. Watu wakakohoa. Akazichukua akazirudisha kwenye vibanda huku anacheka kwa aibu. Daktari alikuwa anaandika, hakumwona.

Kwenye boti wakati wa kurudi, Daktari alirudia kusoma yote aliyoandika. Mwishowe akaniambia kwamba kwao watu waliulizwa swali hilo hilo, na kila mtu alikuwa anamsukumia mwenzake, wengine wanalalamikia bei ya petroli. "Lakini hawa, ambao hata gari hawana, wamesema watabeba wao. Wametuaibisha."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga, wakuu.

Halafu akaniuliza, "Una uhakika wamenielewa?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu: Daktari, wamekufanyia adabu, kaa siku tatu uwaulize tena. Kiingereza chake nilikuwa nacho. Lakini nilikuwa nimeshasikia kwamba mradi ukipita kutakuwa na ajira ya kudumu. Na nilimwona jinsi alivyofurahi.

Nikasema, "Yes, they understood very well."

Ripoti ilitoka. Aliniletea nakala, jina langu limo ukurasa wa shukrani. Nilimwonyesha kila mtu Kibiti.

Zikapita mvua mbili, mradi ukaja. Ulikuwa na watu wengine kabisa, Daktari hakuwemo. Mimi nilikuwemo, nimevaa fulana ya mradi. Ukaitishwa mkutano hapo hapo Kiongoroni. Bwana misitu mmoja, mgeni wa sehemu zile, akasoma kwamba mashamba yote yaliyokuwa mikoko zamani yatarudishwa kuwa mikoko, na kazi ya kupanda ni ya wanakijiji wenyewe, maana wao ndio waliosema jukumu ni lao.

Shangazi akasimama.

"Baba, shamba langu lina mpunga. Ushafika magotini."

Bwana misitu hakumkaripia. Alifungua karatasi zake taratibu, akapitisha kidole. "Mama, hamkusema hapa kwamba mtabeba wenyewe? Imeandikwa kijiji kizima, kwa kauli moja."

"Tulisema. Yule alikuwa mgeni."

Watu wengine wakaguna kukubali. Bwana misitu akanigeukia mimi, maana hakuelewa. "Anamaanisha nini?"

Shangazi naye akanitazama. "Mwanangu, hukumwambia?"

Nilikuwa na watu wawili wananisubiri nijibu. Nilimwambia bwana misitu tuendelee na ajenda.

Ndugu zangu, nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mpunga haukuvunwa. Miche ya mikoko ililetwa, wakapanda wao wenyewe kwa posho ya kutwa. Shangazi alipanda kwenye shamba lake, mistari imenyooka kama alivyokuwa anapandikiza mpunga, maana hajui kufanya kazi ovyo. Nilisimama pembezoni nahesabu miche. Mchana alinipa maji ya kunywa kabla hajanywa yeye.

Miche mingi haikushika. Kaa waliila, iliyobaki ikaoza. Wenyeji walikuwa wamesema pale hapafai, hakuna aliyewauliza hilo. Mradi ukaisha, magari yakaondoka, ajira yangu ya kudumu ikaisha nayo. Amri ya kutolima ikabaki. Ukienda leo pale utaona matope na magugu, mpunga hakuna na mikoko hakuna. Huko Ulaya sijui kama kuna mtu aliyepumua hewa safi zaidi kwa ajili ya lile shamba. Mimi siamini.

Shangazi akahamia Umwe kwa binti yake. Mtu aliyekuwa na shamba lake akawa anapalilia ya watu kwa kibarua.

Nilikaa miaka sita ndipo nikapata moyo wa kumfuata. Nilifika nikamkuta amezeeka, mikono imekakamaa. Nikamwamkia, nikapiga magoti pale pale uani nikamweleza yote: nilichokisikia siku ile, nilichoulizwa kwenye boti, nilichojibu. Nikamwomba radhi.

Hakulia wala hakukasirika. Alimwita mjukuu atandike mkeka mpya, ule wa wageni, akaagiza nichinjiwe kuku. Akanishika bega.

"Hakuna neno, baba. Makosa yetu sie. Wewe starehe tu, ule wali."

Nikala. Nilijua jibu lile lina thamani gani. Mimi ndiye niliyeshindwa kulitafsiri mara ya kwanza.

Amezikwa Umwe, mbali na delta. Hakuwahi kunigombeza, hata kwa mafumbo. Ningetoa chochote anitukane siku moja, nijue kwamba bado ananihesabu mtu wa nyumbani.

Nilichojifunza ni hiki, na kimechelewa: ukitaka kujua watu wanaona haki ni ipi, usiwaulize huku anayepaswa kubebeshwa mzigo amekaa mbele yao akiwa mgeni wao. Na kama wewe ndiye uliye katikati, unazielewa lugha zote mbili, kunyamaza kwako nako kunaandikwa kwenye ripoti.

Mliowahi kutafsiri kwenye miradi, mliowahi kupoteza shamba kwa namna hii, hata mnaoona mimi ni mshenzi, uwanja ni wenu. Msinionee haya. Semeni kama mlivyo.