Mpaka hina anayengoja mikono ipate moto

Saa tatu asubuhi, katika nyumba moja nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mwanabaraka Aidarus ameketi mkekani, koni ya hina pajani. Bado hajaanza kazi. Ameishika mikono ya bi harusi, Haifa, na mikono yenyewe ni baridi, imelowa jasho.

"Mbona hivi, mwanangu? Watoka kwenye friji?"

"Siogopi, Bibi."

"Wewe huogopi. Mikono ndiyo yaogopa."

Wanawake chumbani wanacheka. Mona, bintiye Mwanabaraka, hacheki. Amesimama mlangoni akimtazama mamake. Wiki sita zilizopita, kwenye harusi nyingine, bibi huyu wa miaka sitini na sita aliinuka mkekani, macho yakaingia giza, akaanguka. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi kazini, na sharti la Mona ni moja: akianguka tena, koni zinawekwa kabatini, basi.

Mwanabaraka anavuta chetezo, anamwambia Haifa aikinge mikono juu ya joto la makaa. Hina haikolei vizuri kwenye mkono baridi. Hilo alilijua mwaka 1978, siku bi harusi alipokuwa yeye.

"Somo yangu, mwenye kunifunda na kunipaka hina, aliichukua mikono yangu akaitia kwapani mwake," anakumbuka. "Hakuniuliza kitu, hakunihimiza. Wanawake waliimba nyimbo tatu, nne, yeye ametulia tu. Siku hizo mtu alikuwa na wakati wa kukungoja."

Naye, kwa miaka arobaini na moja ya kazi, amewangoja maharusi wake wote, hata wale waliotaka kuchorwa upesi kama picha za kwenye simu.

Kwa nini mikono iogope yenyewe, hakujua mpaka alipoanguka. Aliyemweleza ni Kasyoka, muuguzi wa zahanati moja upande wa Buxton, aliyevuta kiti akaketi naye ingawa foleni ilikuwa ndefu.

"Aliniambia mwilini mna neva zisizongoja amri yetu. Ukishtuka, zaharakisha moyo, zatoa jasho, zabana mishipa ya damu mikononi, ndipo mikono ikawa baridi. Na kila ukiinuka, ni hizo hizo zabana mishipa, damu isiteremke yote miguuni. Nikamwambia, mwanangu, hizo nimezishika miaka yote, jina tu ndilo silijui."

Zake zimeharibiwa na sukari, maradhi aliyonayo mwaka wa kumi na mbili sasa. Akiinuka, zinachelewa. Kasyoka alimfundisha kuzingoja: achezeshe vidole vya miguu, akae kitini kwanza, ahesabu hadi sitini, ndipo asimame.

Viganja vya Haifa vimepata moto. Mwanabaraka anachora maua, kisha majani, taratibu, hadi juu ya vifundo vya mikono.

Anamaliza adhuhuri ikiadhiniwa. Anachezesha vidole, anajivuta hadi kitini, anahesabu kwa sauti ndogo. Haifa, mikono yote miwili hewani hina isije ikafutika, anamsogezea kiwiko.

"Shika hapa, Bibi. Usifanye haraka, nakungoja."

Mwanabaraka anasimama. Anabaki amesimama.

"Mwezi wa Mfungo Sita mjukuu wangu Farah aolewa," anasema, macho kwa Mona. "Mikono yake nataka niipashe moto mimi."

Mona anauacha mlango, anakuja kuokota koni mkekani.

"Na kiti nitakiweka mimi, Mama."