Gitaa Lililofukizwa

Abshiro binti Abdow hakuwa mwanamke wa kununua vitu ovyo. Wenye maduka wa Garissa walimjua: akishika kitambaa atakigeuza, atakinusa, atakivuta huku na huku, kisha atakirudisha na kuuliza habari za watoto. Kwa hiyo asubuhi moja aliposimama dukani kwa Noordin na kunyoosha kidole juu, kati ya mabirika na taa za chemli, Noordin alidhani anataka taa.

"Si taa," Abshiro alisema. "Hicho chenye kiuno."

"Eddo!" Noordin alimwita shangazi, kwa heshima, huku akijizuia kucheka. "Wewe na gitaa wapi na wapi?"

Lilikuwa gitaa la kizamani, dogo, la kupakatwa kama mtoto mchanga. Mzungu mmoja alikuwa ameliacha alipofungasha virago mwaka wa uhuru, na tangu hapo hakuna dereva wa lori aliyekubali kulichukua hata kwa bei ya chee. Uso wake ulikuwa na ufa mrefu. Kigingi kimoja cha kukazia nyuzi hakikuwepo, na nyuzi zenyewe zilibaki mbili, zote zimeota kutu. Ndani lilinuka panya. Abshiro aliligeuza, akalinusa, akakunja uso, kisha akaweka mezani dhiil mpya, chombo cha maziwa alichokisuka mwenyewe kiangazi kizima kwa nyuzi za mizizi. Noordin alikipokea upesi kabla mteja wake hajanusa mara ya pili.

Sababu ya wazimu huo ilikuwa Kulow, mume wake.

Kulow alikuwa mtu wa maneno mengi, wa kumtania hata imamu. Ujanani alikuwa turniboi wa lori la Mwarabu, Mombasa hadi Wajir, na dereva wake akamfundisha gitaa. Alirudi kwao Kotile gitaa begani, akamtaka Abshiro. Mzee Abdow alimtazama juu chini, akasema binti yake haolewi na mtu mwenye nyuzi, aolewe na mwenye ngamia. Kulow aliuza gitaa, akanunua mtamba mmoja wa ngamia. Kutoka kwa huyo likaja kundi zima, na kutoka kwenye kundi ikaja nyumba, heshima, na binti yao Timiro, ambaye sasa ameolewa Habaswein.

Kisha vita vya shifta vikaingia. Askari walichukua baadhi ya ngamia na kuwatawanya wengine porini, na wenyewe wakahamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa miba na seng'enge nje ya mji wa Garissa. Lango lilikuwa moja. Wanawake walipewa kibali cha kwenda sokoni asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, lakini wanaume hawakupewa hata hicho. Barabara ya Habaswein ilifungwa, na habari za Timiro zikafungwa pamoja nayo. Jioni askari walipita na kuita majina, kibanda hadi kibanda. Aliyeonekana kwenye uzio baada ya hapo alipigwa risasi bila kuulizwa jina. Bare, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliuawa hivyo, amenasa kwenye waya.

Halafu akaja mwanamke mmoja kutoka Bura, akaleta salamu ambazo heri angebaki nazo. Alisema ameona ngamia wenye alama ya ukoo wa Kulow wakirandaranda porini bila mchungaji. Tangu siku ile Kulow alinyamaza. Alikaa mlangoni, macho yakiwa mahali pamoja kwenye uzio, pale miba ilipokuwa imekauka na kupungua. Abshiro alipafahamu mahali pale. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, kila akirudi sokoni akitazama kwanza kama mume wake bado yupo mlangoni.

Ndipo akapiga hesabu yake. Mtu aliyewahi kuacha gitaa kwa ajili ya ngamia, si anaweza kuacha ngamia kwa ajili ya gitaa? Ni hesabu ya mapenzi hiyo, na hesabu za namna hiyo hazina mwalimu wa kuzisahihisha.

Langoni askari wa zamu, kijana wa kutoka Machakos, alilichungulia gitaa ndani kwa tochi, akalitikisa. Macho yake yakatua kwenye nyuzi mbili za kutu.

"Mama, waya ni marufuku. Waya ndiyo inategwa barabarani."

"Hii si ya bomu, wallahi," Abshiro alimjibu. "Ni ya kubiga tu. Mzee yangu nabenda kubiga."

Askari alizikata, akazitia mfukoni, akampa gitaa lisilo na hata uzi mmoja. Abshiro alishukuru Mungu kwamba hakukata na shingo.

Kulow alilitazama gitaa mara moja tu, akarudisha macho yake kwenye uzio. Haya, Abshiro akajisemea, nitalitengeneza mwenyewe. Kwani nini? Lina tumbo, lina mdomo, linanuka: chombo ni chombo. Na chombo kinachonuka hufukizwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na maziwa ya nyumba yake hayakuwahi kuchacha mapema. Alitia makaa ya mgunga kwenye kigae, akainamisha gitaa juu yake hadi moshi ukajaa tumboni, akalifunika kwa nguo, akaenda kuteka maji.

Aliporudi, mgongo wa gitaa ulikuwa umebanduka wote na kujikunja. Gundi ya Mzungu ilikuwa imeyeyuka na kudondoka kwenye makaa, ikinuka ngozi iliyoungua. Abshiro alikaa chini na kuanza kulia, maana chombo chake cha kiangazi kizima kilikuwa kimeishia hapo.

Nyuma yake akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi.

"Ina Abdow," Kulow alisema, akimwita kwa jina la baba yake kama siku za uchumba, "limeiva, au tungoje kidogo?"

Akacheka, akacheka hadi akashika mbavu. Abshiro naye, machozi yakiwa bado mashavuni, akacheka. Alikuwa na furaha kiasi kwamba angeweza kuchoma magitaa mengine kumi.

Kuanzia hapo walilitengeneza pamoja. Harufu ile ya ngozi iliwaonyesha gundi ilitokana na nini, basi wakachemsha makubadhi makuukuu ya ngozi ya ngamia hadi yakawa uji mzito, wakapaka mgongo na kuufunga kwa kamba za kusukia dhiil. Ufa wa usoni Abshiro aliushona kama anavyoshona chombo cha mti kilichopasuka: matundu madogo huku na huku, uzi wa ngozi mbichi katikati, ukikauka unajikaza wenyewe. Kulow alichonga kigingi. Kwa nyuzi waliomba matumbo ya mbuzi kwa mchinjaji. Abshiro akayakwangua, akayatia chumvi, akayasokota na kuyaanika kivulini. Gitaa likawa na kovu usoni na harufu ya moshi isiyotoka, ila lilipopigwa lilitoa sauti nzito ya chini, kama mtu anayezungumza kwa adabu.

Kulow alipiga wimbo mmoja tu, ule wa kunyweshea ngamia kisimani. Alipiga kila jioni, ndani ya kibanda, mkeka ukiwa umeteremshwa mlangoni. Majirani walisogea. Yule askari wa Machakos naye akawa anaegemea mti karibu, na zamu ya kuita majina ilipofika kwao hakujisumbua tena kufunua mkeka.

"Kulow!" aliita siku ya kwanza.

Gitaa likaendelea.

"Haya, yupo. Namsikia." Akaandika, akapita. Na ikawa ndiyo desturi.

Abshiro alilala usingizi siku hizo. Kulow alikuwa anakula. Alikuwa anamtania. Macho yake yalikuwa yameacha uzio, au ndivyo ilivyoonekana. Kisha akaanza kumfundisha.

"Vidole vinaniuma," alisema. "Shika wewe."

"Mimi? Watu watasema nini?"

"Mkeka umeshuka. Nani anakuona?"

Abshiro alishika, uso ukimwaka kama mwali. Kulow alikaa nyuma yake na kumpanga vidole. Alikuwa mwalimu mkali. Pale wimbo uliposita kidogo kabla ya kurudi mwanzo, alitaka usite vilevile anavyosita yeye, si zaidi, si pungufu. "Tena," alisema. "Tena, ina Abdow. Kama mimi." Abshiro alidhani ni mapenzi, na hakukosea. Ila hayakuwa mapenzi peke yake.

Jioni moja, baada ya kuswali magharibi, Kulow alikunywa chai yake yote, akamwekea gitaa mapajani. Abshiro alianza kupiga, akitabasamu, akingoja kusahihishwa. Nyuma yake hakukuwa na mkono wa kupanga vidole. Aligeuka. Kulow alikuwa amefunga kikoi kiunoni kwa kukaza, kiriba cha maji begani, na alikuwa ameinua ukingo wa ukuta wa nyuma, ule wa mikeka.

"Usisimame," alimwambia polepole. "Ukisimama wataingia. Ngamia wale hawana mtu, Abshiro."

"Na mimi nina nani?"

Kulow alikaza kamba ya kiriba begani. Akapiga magoti, akapita chini ya mkeka.

Vidole vya Abshiro vilikuwa bado vinakwenda. Alijua ni hatua chache tu kutoka ukuta ule hadi pale penye miba iliyokauka. Alijua pia kwamba akiacha kupiga sasa hivi, akapaza sauti, Kulow atarudi mbio ndani kabla askari hawajafika, na kesho atakuwa mlangoni, mzima, amenyamaza, na hatamsamehe. Au hatawahi kurudi ndani, nao watamkuta amenasa kwenye seng'enge kama Bare. Aliyafikiria yote mawili, na wimbo ukafika pale unaposita. Ukasita kama anavyosita Kulow. Akaurudisha mwanzo.

Viatu vya buti vilisikika nje, vikasimama.

"Kulow!"

Abshiro alipiga.

"Haya, yupo." Kalamu ilikwaruza karatasi. Buti hazikuondoka. Kijana wa Machakos aliegemea mti wake, akashusha pumzi ya mtu aliyechoka na kazi. "Mzee, leo unapiga vizuri kuliko jana," alisema kwa upole. "Hata jibu basi, siku moja. Sema asante."

Abshiro alifungua mdomo. Sauti aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwanamke, na upande wa nyuma miba ilikuwa inalia taratibu, tawi moja, kisha jingine. Akafunga mdomo, akapiga kwa nguvu zaidi.