Jua la Riyadh Huzama Saa Ngapi

Kila ndugu yangu alipopiga simu kutoka Riyadh, Baba alimwuliza swali moja kabla hata ya kumjulia hali. "Jua limezama saa ngapi huko?"

Ndugu yangu alikuwa anacheka. "Saa kumi na mbili na nusu hivi, mzee."

Baba aliandika kwenye daftari lake, akalifunga, ndipo akaniruhusu niweke simu mezani ili sote tusikie. Mimi nilidhani ni uzee tu. Baba alifanya kazi relini miaka thelathini, ofisi ya ratiba, na mtu aliyepanga saa za treni maisha yake yote utamkatazaje kuandika saa?

Mama alikuwa ameshafariki. Tulibaki watatu katika ile nyumba ya Buruburu, hapa Nairobi: Baba, ndugu yangu mdogo na mimi, mwalimu wa chekechea. Kisha Baba akapatwa na kiharusi kilichomlegeza mguu na mkono wa kushoto, na mwaka huohuo wakala mmoja wa mjini akasema Riyadh kuna kazi ya ulinzi kwa vijana, na ya kulea watoto kwa walimu kama mimi. Hatungeweza kuondoka wote. Tukakubaliana mbele ya Baba: ndugu yangu aende kwanza, mimi nibaki na mzee. Miaka miwili ikiisha arudi, akae yeye, nami niende. Zamu kwa zamu, kama tulivyokuwa tukiosha vyombo utotoni. Nikakubali kwa moyo mweupe, mjinga mimi.

Kwetu mtu hasafiri kimyakimya. Kanisa lilikodi basi, shangazi zetu wakaja kutoka Kakamega, na majirani wakavaa nguo za Jumapili. Pale uwanja wa ndege, nje ya mlango wa abiria, kina mama waliimba mpaka askari akawasihi wapunguze sauti. Mchungaji akamwekea ndugu yangu mikono kichwani. Akaingia ndani na suti yake ya kijivu, akipunga mkono, akiburuta sanduku nililolipanga mimi mwenyewe, soksi moja moja. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi.

Akaanza kupiga simu. Alipiga kwa mtandao, kwa namba yake ileile ya Kenya, bila picha, akisema kule picha zinasumbua. Na mji alitupa, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alisema jina la Riyadh maana yake ni bustani, kwa kuwa zamani palikuwa na visima na mitende katikati ya jangwa, na watu wakajenga nyumba za udongo wakazizungushia ukuta. Ukuta ulishavunjwa, lakini ngome ya udongo ingalipo, na kwenye mlango wake kumekwama ncha ya mkuki tangu siku ilipotekwa. Mto hakuna, bahari hakuna. Maji hutolewa chumvi kwenye pwani ya mbali kisha husafiri kwa mabomba jangwani hadi mjini. Upande wa magharibi kuna bonde kavu, na mvua ikinyesha kwa nguvu siku moja tu, bonde lile hugeuka mto.

Baba aligeuza kalenda ya zamani, akaibandika ukutani sebuleni, akaanza kuchora mji kwa mkono wake mzima. Ngome hapa, bonde pale, barabara kubwa zikikatana kama reli. Mgeni akiingia kunywa chai alionyeshwa Riyadh kwanza.

Michezo ndiyo iliyomchangamsha zaidi, maana ndugu yangu alisema analinda lango la uwanja wa mpira. Mji mzima umegawanyika, wa buluu na wa njano, na siku timu hizo zikikutana, ndugu wa nyumba moja hawasemezani. Ngamia nao hushindanishwa, na juu yao hakuna mtu, kuna kimashine kidogo chenye kiboko, huku wenye ngamia wakiendesha magari kandokando wakikiamrisha kwa redio.

"Kimashine!" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Na ngamia anakubali?"

Mimi sikuwa nacheka sana. Nilikuwa nausoma mji ule kama mtu anayengoja mtihani, kwa sababu ndiko nilikokuwa naenda. Nikiwaosha watoto wa chekechea makamasi, kichwani nilikuwa natembea kutoka ngomeni hadi bondeni.

Wakati huo kulikuwa na mwanamume mmoja, fundi wa umeme, mpole, mwenye kucheka polepole. Alihamishiwa Eldoret, akaniomba tuoane twende pamoja, Baba tumchukue. Baba akasema yeye Eldoret haendi, baridi itamuua. Nikamwambia yule fundi anisubiri, zamu yangu iko karibu, nikienda na kurudi nitakuwa na kitu mkononi. Alisubiri mwaka mmoja na nusu. Halafu akaoa, na akanipigia kuniambia mwenyewe, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko kama angenyamaza. Miaka miwili ikapita, ikawa mitatu. Ndugu yangu alisema mkataba umeongezwa. Baba alisema tuvumilie.

Mwaka wa nne, Jumapili moja alasiri, nilikwenda Lucky Summer, mtaa mwingine wa humuhumu Nairobi, kumwona mwenzangu wa kwaya aliyejifungua. Njiani kuna uwanja wa vumbi, na mechi ilikuwa inaendelea, timu ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mtaa wa jirani, Baba Dogo, na timu nyingine. Nilikuwa nimebeba uji wa mzazi kwenye chupa ya chai. Nikamwona golikipa akigusa mlingoti wa kushoto, wa kulia, kisha akaruka kugusa ule wa juu. Duniani nilimjua mtu mmoja tu aliyefanya hivyo kabla ya kila kona, tangu darasa la nne.

Nikaita jina lake. Aligeuka, na mpira ukampita ukaingia.

"We kipa, unaangalia nini?" wenzake wakamfokea. Yeye alikuwa ananiangalia mimi.

Alikuja pembeni na glavu zake mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniuma kwanza, kwamba alikuwa amenenepa.

"Sista, nisikize kwanza," akasema.

"Riyadh ndiyo hii?"

"Visa ilikuwa feki. Waliniambia hapo kwa kaunta. Nikageuka nitoke, nikasikia mnaimba. Ningerudi aje? Mtaa mzima ulikuwa hapo nje, mmevaa mpaka kofia. Nikaingia choo nikakaa hadi basi ikaenda."

"Miaka minne, choo?"

Hakucheka. Akaniambia alipata kazi ya kiwanda pale Baba Dogo, na kwamba yuko mzee mmoja, mfanyakazi mwenzake, aliyewahi kukaa Riyadh miaka mingi. Saa ya chakula cha mchana walikaa pamoja, mzee akasimulia, naye jioni akatupigia simu na kutusimulia sisi. Ngome, mabomba, ngamia, vyote vilikuwa vya mtu mwingine.

"Nilikuwa nataka kuwaambia," akasema. "Kila wiki."

"Na zamu yangu?"

Aliinamisha kichwa akachezea glavu. Nikammwagia uji. Ndiyo, nilifungua chupa nikammwagia uji wa mzazi kifuani, mbele ya timu mbili, na sijutii, ingawa ulikuwa umeshapoa.

Nilifika nyumbani nikiwa nimejawa na machozi na hofu. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamwambiaje Baba bila kumuua. Nilimkuta sebuleni chini ya ramani yake. Nikapiga magoti, nikamshika ule mkono uliolegea, nikamwambia taratibu.

Hakushtuka. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Kaa kwenye kiti, mama. Niletee daftari."

Akalifungua. Ndani yake, katikati, alikuwa ameficha kalenda ndogo ya sala, ya Riyadh yenyewe, ambayo mwenye duka la kona, Mwislamu, alikuwa ameletewa na jamaa yake aliyekwenda huko, akampa Baba. Akaweka kidole kwenye mwezi wa Desemba.

"Magharibi yao ni saa kumi na moja na dakika tano. Jua likishazama. Ndugu yako Desemba ya kwanza aliniambia saa kumi na mbili na nusu, saa ya jua la hapa kwetu. Nikasema labda amepitiwa. Nikamwuliza tena, wiki baada ya wiki. Mtoto wa Nairobi, amezoea jua lisilobadilisha saa. Yule mzee wa kiwandani amemfundisha kila kitu, hilo hakumfundisha."

"Umejua miaka mitatu na zaidi?"

"Nilijua yuko karibu. Kwa mzazi hilo linatosha."

"Na mimi, Baba? Mimi niliyekuwa nangoja?"

Aliangalia ramani, kisha mguu wake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba chumvi: "Ningekuambia, ungeenda Eldoret. Nani angebaki na mimi?"

Mungu wangu. Uongo wa ndugu yangu niliuelewa. Aliona haya, na haya ni ugonjwa wa kwetu. Lakini Baba alinitazama nikijifunza mitaa ya mji usio wangu, akanitazama nikimwacha mtu aliyenipenda, na akaendelea kuchora. Sikumpigia kelele. Nilikwenda jikoni nikampikia ugali na sukuma wiki, nikampa dawa, nikalala na viatu.

Jumamosi iliyofuata nilimwita ndugu yangu nyumbani. Alikuja na lile sanduku nililompangia, akipita katikati ya majirani walewale waliomwimbia. Walimcheka wiki nzima, kisha wakamzoea. Nilimwekea ufunguo mkononi, nikamwonyesha dawa za asubuhi na za jioni, na jinsi ya kumgeuza Baba kitandani. "Zamu yako," nikamwambia. Nami nikahamia chumba kimoja mtaa wa Umoja, mwendo wa dakika chache tu kutoka pale.

Siku hizi Baba hunipigia mimi, kila jioni. Hanijulii hali kwanza.

"Jua limezama saa ngapi huko?"

"Saa kumi na mbili na nusu, Baba."

Namsikia akiandika. "Basi uko karibu," anasema. "Njoo hata leo."

Namwambia asichelewe dawa, nakata simu. Sijaenda.